Stashahada ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi: nyota nne, na ile ya tano ilipobaki

Nianze na hukumu, kwa ajili ya wale wanaosoma haya kwa kuibia kati ya dripu moja na nyingine: kozi ni nzuri, ilipie. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia, na sababu mojawapo haitoki chuoni bali kwa mwajiri.

Mimi ni muuguzi wa hospitali ya kaunti huku Pwani. Nilikaa wodi ya wanaume miaka kadhaa, kisha nikahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi bila mafunzo yoyote, isipokuwa mwenzangu kunionyesha kitufe cha kunyamazisha king'ora. Wengi wetu tumeingia ICU kwa mlango huo. Mradi wa serikali wa kukodi vifaa ulioanza mwaka 2015 ulileta vitanda na ventileta, zile mashine za kumpumulia mgonjwa, katika hospitali kadhaa za kaunti, korona ikaja ikaleta nyingine, na kila mara mashine zilifika kwanza, watu wa kuziendesha wakachelewa. Nilipoandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo sikuwa natafuta cheti cha kutundika sebuleni. Nilitaka kujua ninachokifanya.

Chuo sikitaji. Kiko Nairobi, kinaheshimika, na nitakayoyalalamikia nimeyasikia kwa wenzangu waliosoma vyuo vingine pia. Masharti ya kuingia yalikuwa ya kawaida: uwe na stashahada ya uuguzi, usajili na leseni hai ya Baraza la Wauguzi la Kenya, na uwe umefanya kazi miaka miwili. Kozi ni ya mwaka mmoja. Karo ya chuo usiihofu sana. Kinachokumaliza ni Nairobi yenyewe. Kodi ya chumba, nauli ya matatu alfajiri wakati bei imepanda kwa sababu ya mvua, sare mpya kwa vile ile ya kwenu ina rangi isiyotakiwa, na uchapishaji wa makaratasi usiokwisha. Kama una watoto uliowaacha kwa mama yako, piga hesabu ya pesa za kutuma nyumbani kabla ya hesabu ya vitabu.

Muhula wa kwanza ni darasani. Kuna masomo ya uongozi, ya utafiti na ya namna ya kufundisha. Hayo yanapita, utafaulu, utasahau. Kilichonifanya niamke mapema ni somo la gesi za damu, yaani kupima hewa na asidi iliyomo kwenye damu ya mgonjwa. Mwalimu wake, ambaye sote tulimwita Madam tu, hakutumia slaidi. Alikuja na kalamu ya ubao na bahasha ya karatasi zilizotoka kwenye mashine ya gesi, majina yamekatwa, akabandika moja ubaoni na kusema, "Haya, huyu ana nini?"

Ya kwanza ilisema: pH 7.21 (kipimo cha asidi, kikishuka ujue asidi imezidi), kaboni dioksidi 22, bikaboneti, ile inayopunguza asidi, 8.5. Kijana, sukari imepanda kupita kiasi, anahema kwa nguvu kama aliyekimbizwa. Mwenzetu mmoja aliyetoka hospitali kubwa akasema huyu amechoka, atiwe tyubu ya hewa kooni, awekwe kwenye ventileta. "Sawa," akasema Madam, "utamwekea pumzi ngapi kwa dakika?" Kumi na nne. Madam akageuka ubaoni akapiga hesabu mbele yetu. Kule kuhema ndiko kunakomweka hai, kwa sababu anatoa kaboni dioksidi ili asidi isizidi. Ukimlaza kwa dawa ukampa pumzi kumi na nne za upole, kaboni dioksidi inapanda kutoka 22 hadi 40, bikaboneti ikiwa ile ile, na pH inaporomoka hadi karibu 6.95. Moyo hauvumilii hapo. Darasa lilinyamaza. Yule mwenzetu akauliza, "Sasa Madam, tukilazimika kumtia tyubu?" Akajibu kwamba ukilazimika, iache mashine ihemee kwa kasi aliyokuwa akihema mwenyewe, na upime gesi tena mapema, usingoje daktari akumbuke.

Mbinu hiyo ya kusoma gesi kwa mpangilio, kwanza pH, kisha kaboni dioksidi, kisha bikaboneti, kisha ujiulize kama mwili unajitetea inavyotarajiwa, ninaitumia kila zamu. Kwa somo hilo peke yake ningelipa nusu ya karo bila kunung'unika.

Somo la ventileta nalo lilikuwa zuri, ingawa mashine tuliyofundishiwa ilikuwa ya aina moja na hospitali za kaunti zina za kila aina, nyingine menyu zake ziko katika lugha ambayo hakuna anayeisoma wodini. Mwalimu aliliona hilo na akafundisha kanuni badala ya vitufe. Kanuni ya kwanza: mapafu hayaongezeki mtu akinenepa. Kiasi cha hewa kwa kila pumzi kinapigwa kwa urefu wa mgonjwa, si kwa mizani. Kwa mwanamume unaanza na kilo 50, unaongeza 0.91 kwa kila sentimita inayozidi 152.4, kwa mwanamke unaanza na 45.5. Mwanamume wa sentimita 170 anatoka kilo 66, awe mwembamba au awe na kitambi cha kufikisha kilo 110. Mililita 6 kwa kila kilo ni kama 400. Ukifuata mizani utampulizia 660, na mapafu yaliyokwisha kuvimba hayawezi kubeba hiyo.

Halafu akatupa ushahidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwagawa wagonjwa wenye mapafu yaliyoharibika vibaya: kundi moja mililita 12 kwa kilo, jingine 6. Katika kundi la 12 walikufa asilimia 39.8, katika la 6, asilimia 31.0. Hakuna dawa mpya hapo. Ni kugeuza kitufe tu. Jioni hiyo nilipitia kwa fundi cherehani nikanunua futi ya kupimia nguo, na mpaka leo iko mfukoni mwa sare yangu. Daktari kijana akija na uzito wa kukisia, mimi natandaza futi kitandani kutoka kisigino hadi utosini. Mwanzoni walicheka. Siku hizi wananiazima, na wengine hawarudishi.

Sasa niseme lilikokwama darasa. Somo la maji ya mshipani lilifundishwa kutoka kitabu kinene cha ng'ambo, sura nzima, mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa za kwanza kwa mgonjwa aliyeingiwa na sumu ya maambukizi kwenye damu, basi. Mtu unakaa unajiuliza kama wanaotufundisha wamesahau wako Afrika Mashariki. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifanyika kwetu: Kilifi, hospitali kadhaa za Uganda, na Muheza kule Tanga. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Waliopewa maji mengi kwa mkupuo walikufa zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10.6 kwa albumini (protini ya damu), 10.5 kwa maji ya chumvi, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakupewa mkupuo. Profesa Kathryn Maitland aliyeuongoza anafanya kazi Kilifi, mwendo wa matatu moja kutoka kwetu. Zambia nao walijaribu kwa watu wazima, matokeo yakatoka mwaka 2017: wale waliopata maji mengi mapema na dawa za kupandisha presha walikufa asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.0. Sababu moja inayotajwa ni kwamba kama hakuna ventileta ya kumwokoa mgonjwa mapafu yanapojaa maji, maji yale yale yanayomsaidia mgonjwa wa Boston yanaweza kumzamisha wa Lusaka.

Hayo yote yaliguswa kwa nusu saa, na mwalimu mgeni, kwa sababu mmoja wetu aliuliza. Mtihani uliuliza mililita 30. Hapo ndipo nyota ya tano ilipoanza kuyumba.

Mazoezi hospitalini ndiyo kozi yenyewe. Kanuni inayotajwa duniani ni muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja aliye kwenye ventileta. Kwetu ilikuwa kinyume: mgonjwa mmoja, muuguzi mmoja mwenye kazi zake, na wanafunzi tumejipanga kuanzia kichwani hadi miguuni mwa kitanda. Vyuo kadhaa hutuma watu wao katika ICU zile zile chache, mchana ule ule. Unasimama saa nne kusubiri kufyonza makohozi mara moja, na kumbe hiyo haitakiwi kufanywa kwa ratiba. Inafanywa mgonjwa akihitaji, umpe oksijeni kwanza, usizidi sekunde kumi na tano. Sasa wanafunzi wengi na makohozi machache, mtu anapataje kujifunza?

Kila mmoja ana logibuku, daftari la kuandikia kazi alizofanya. Kila kazi lazima isainiwe na msimamizi idadi fulani ya mara. Matokeo yake unayajua: zinatafutwa saini, kazi zinasahaulika. Niliona mtu akisainiwa kazi ambayo aliitazama kwa mbali akiwa amesimama nyuma ya pazia. Chuo kilijua. Lawama hii naiweka kwa chuo moja kwa moja, maana ni rahisi kurekebisha: punguza idadi ya wanafunzi, au wagawe kwa zamu tatu.

Mimi niliokolewa na usiku. Niliomba zamu za usiku wengine walipokuwa wanazikimbia, na huko nikampata msimamizi wa zamu, mama wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa macho. Usiku hakuna msafara wa madaktari, hakuna wanafunzi wa vyuo vingine, na mgonjwa ni wako. Wakati wa kukabidhiana zamu aliniruhusu nisikilize tu, kisha wenzake wakishaondoka ananiambia, "Haya Sista, nieleze mgonjwa wako, usisome monita." Nikielekeza macho kwenye skrini ananirudisha kwa mkono: "Mguse kwanza. Miguu ina baridi au ina joto? Kucha ukizibonyeza damu inarudi kwa sekunde ngapi? Mkojo wa saa iliyopita umepima?" Baada ya hapo ndipo tunakwenda kwenye namba.

Alinifundisha mambo madogo ambayo kitabu kinayataja kwa mstari mmoja. Presha ya puto la tyubu ipimwe kwa kipimo chake, kati ya sentimita 20 na 30 za maji, si kwa kuminya kile kipuli kwa vidole na kusema "iko sawa". Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, na ukague tena baada ya kumgeuza mgonjwa kwa sababu kila mara anateleza chini. Mdomo usafishwe. Ule mpango wa kukagua uliotungwa na Jean-Louis Vincent mwaka 2005, chakula, maumivu, dawa ya usingizi, kuzuia kuganda kwa damu, kichwa cha kitanda, vidonda vya tumbo, sukari, yeye aliufanya kwa kila mgonjwa akitembea na kikombe cha chai ambayo hakuwahi kuimaliza ikiwa moto. Na alinifundisha kusema. Daktari aliye zamu akipigiwa simu saa tisa usiku hataki hadithi, anataka kusikia: mgonjwa gani, kimebadilika nini, mimi naona ni nini, nataka ufanye nini. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu kwa muuguzi wa Kenya. Tumefundishwa tangu mwanzo kuripoti na kungoja. Kusema "Daktari, naomba uje umwone sasa" na kunyamaza, hilo nilijifunza usiku.

Mama huyu hayuko kwenye orodha ya walimu wa chuo wala halipwi senti kwa kutufundisha.

Kuna vyeti vya pembeni ambavyo utaambiwa ununue njiani. ACLS, mafunzo ya kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama, ya American Heart Association, ilikuwa lazima kwetu, na ada yake haimo kwenye karo. Ni siku chache na mdoli, mkufunzi na saa ya kuhesabu: bonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 bila kupita 6, adrenalini miligramu 1 kila dakika tatu hadi tano. Nimeipenda kwa sababu inakulazimisha kuongoza kikundi kwa sauti, na anayepewa kazi airudie ndipo aifanye. Ujue tu kadi yake inaisha baada ya miaka miwili, na haikufanyi kuwa muuguzi wa ICU, hata kama matangazo ya kazi za Ghuba yanaipa uzito kuliko stashahada.

Nao wenzangu kadhaa walikuwa wakisoma usiku maswali ya CCRN, ule mtihani wa chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi cha Marekani. Maswali 150 kwa saa tatu, yametungwa vizuri, kama zoezi la ubongo yanafaa. Lakini ili uufanye lazima uwe na leseni ya uuguzi ya Marekani iliyo hai, na saa 1,750 za kuwahudumia wagonjwa mahututi ndani ya miaka miwili kwa njia yake ya kawaida. Kama hujafanya mtihani wa leseni wa huko, anayekuuzia maandalizi ya CCRN anakuuzia tiketi ya basi lisilopita kwenu. Simlaumu anayetaka kuondoka. Tangu Kenya na Uingereza zitiane saini makubaliano ya wauguzi mwaka 2021, nusu ya mazungumzo ya chakula cha mchana yalikuwa ya huko. Nasema tu pesa ziende kwa mpangilio.

Wiki niliyoipenda kuliko zote iliwekwa mwishoni kabisa, watu wamechoka, wengine wameshaanza kufunga mizigo. Ilihusu huduma ya msingi ya dharura na ya wagonjwa mahututi, EECC kwa kifupi. Ni orodha iliyokubaliwa na wataalamu wa nchi nyingi na kuchapishwa mwaka 2021, wakiwemo watafiti wa Tanzania, Malawi na Sweden: kazi 40 za kumfanyia mgonjwa aliye hatarini, na mahitaji 67 ambayo hospitali inapaswa kuwa nayo. Humo hamna ventileta. Kuna kupima dalili za uhai na kuchukua hatua zikiwa mbaya, kumweka mgonjwa aliyezimia kwa ubavu, kufungua njia ya hewa, oksijeni, maji ya mshipani, dawa za viini, kumkanda mama anayevuja damu tumbo la uzazi baada ya kujifungua. Vitu ambavyo wodi yoyote ya Kenya inaweza kufanya leo jioni, na mara nyingi haifanyi.

Mwalimu wa wiki hiyo alitugawa tukaenda wodi za kawaida, siyo ICU, tukahesabu wagonjwa ambao dalili zao zilikuwa tayari zimevuka mstari wa hatari. Sitaandika tulichokikuta pale. Nitataja uchunguzi mkubwa wa nchi 22 za Afrika uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2025: mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na karibu saba kati ya kumi wa hao walikuwa kwenye wodi za kawaida. Yaani tulisoma mwaka mzima juu ya chumba ambacho wagonjwa wetu wengi hawakifikii. Wiki hii ingekuwa ya kwanza, ventileta zifuate. Nilimwambia hivyo mkuu wa idara kwenye fomu ya maoni, na nikaandika jina langu chini.

Sasa hiyo sababu ya mwajiri. Chuo kinakupa ujuzi, kaunti inakupangia kazi, na wawili hao hawazungumzi. Mwenzangu mmoja wa darasani, mahiri kwenye gesi kuliko mimi, alirudi kwao akapangiwa kliniki ya chanjo kwa sababu ndiko kulikokuwa na upungufu. Mwingine alisaini mkataba wa kuitumikia kaunti miaka kadhaa na hakuna mstari hata mmoja uliosema ataitumikia wapi. Kupandishwa daraja kwa ajili ya stashahada hii nako kunategemea bajeti, kamati na nani yuko ofisini. Mimi nilikataa kuondoka kwenda Nairobi mpaka nikapata barua ya matroni inayosema nitarudi ICU. Ilichukua majuma ya kuzunguka na faili, na mhasibu mmoja alinitania kwamba naomba mahari. Barua hiyo nimeitoa kabatini mara mbili tangu nirudi.

Kwa hiyo imfae nani? Imfae aliyekwisha kufanya kazi karibu na wagonjwa mahututi akajua maswali yake. Ukitoka moja kwa moja kliniki ya nje utafaulu mitihani, ila zile zamu za usiku zitakupita bila kujua cha kuuliza. Kama lengo lako ni kufundisha au utafiti, angalia shahada ya uzamili. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kule Dar es Salaam, wanayo ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeraha, na Nairobi zipo pia. Na kama kaunti yenu haina hata kitanda kimoja cha ICU wala mpango wa kuwa nacho, jifunze kwanza EECC pamoja na wenzako wa wodini. Masomo yake yanapatikana mtandaoni bure, na mgonjwa wako wa kesho atafaidika haraka zaidi.

Kabla ya kulipa, nenda chuoni siku ya kazi. Watakupeleka maabara ya midoli, ni safi na inapendeza kwenye picha. Wewe omba kuona ratiba ya zamu za mazoezi: wanafunzi wangapi kwa kitanda kimoja, hospitali zipi, usiku upo au haupo, na msimamizi wa usiku anaitwa nani. Wakikosa kukuonyesha hiyo ratiba, lipa muhula mmoja tu, kisha uendelee kuuliza.